Mbuzi wa Swali la Saba

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kazini, maana yake nikiwa nimesimama mbele ya karatasi kubwa nyeupe katika ukumbi wa hoteli moja hapa Dodoma, kalamu ya wino mzito mkononi, nikiwafundisha watendaji wa kata hatua saba za kusuluhisha migogoro. Tulikuwa tumefika hatua ya nne. Ikatangazwa chai, na kwa kuwa hakuna elimu inayoweza kushindana na sambusa za semina, ukumbi ukabaki mtupu kwa dakika moja. Mtendaji mmoja wa upande wa Zuzu akanisogelea na kikombe chake, akaniamkia, akasema, "Mwalimu, yule Bwana Mifugo wetu wa zamani ametutoka. Jana alfajiri. Kifua kilimsumbua wiki mbili tu." Nikamwuliza mazishi ni lini. "Kesho saa nane. Ila wazee wana shida nyingine. Jumamosi alikuwa awapatanishe watu wanaogombea kisima, sasa hawajui aende nani." Akaitazama karatasi yangu yenye hatua saba, akanitazama na mimi, akanywa chai yake. Hakuniomba niende. Wasomaji wangu wa siku zote wa safu hii mnajua kwamba sipendi kusifiwa, lakini kurukwa namna ile nikiwa nimeshika kalamu sikuwa nimekuzoea.

Tulijuana katika ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaachiwa huru: bei, redio, mitumba, hata watumishi wa serikali. Mimi nilikuwa katibu katika ofisi moja ya mkoa, kazi yangu kubwa ikiwa kugonga mihuri na kujua ufunguo wa stoo uko kwa nani. Yeye alikuwa bwana mifugo kule upande wa Mtera, mwenye kidato cha nne na kozi ya miaka miwili, pikipiki ya idara iliyowaka ikijisikia, na josho lisilo na dawa. Serikali ilikuwa imegundua kwamba kufanya biashara si kazi yake, na katika kugundua huko ikagundua pia kwamba kununua dawa ya kupe si kazi yake. Ng'ombe walitakiwa waelewe. Wafugaji wajinunulie dawa kwa bei ya soko huria, naye aendelee kuwa bwana mifugo kwa kutoa ushauri. Sasa ushauri juu ya kupe bila dawa ya kupe huisha upesi, kwa hiyo watu wakaanza kumtumia kwa kitu kingine alichokuwa nacho tele, yaani uvumilivu. Ng'ombe wakiingia shambani, aliitwa yeye kabla ya polisi.

Safari moja nilifuatana naye, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa kwenda kulikagua josho na kuandika taarifa kwamba lipo. Tulikuta wanaume wenye fimbo upande huu na wanaume wenye majembe upande ule, na katikati yao ng'ombe wanane wakicheua kwa utulivu wa walioshiba. Ugomvi wenyewe sitausimulia; mbele kidogo mtajua kwa nini. Mimi nilitegemea hotuba. Yeye aliwaamkia wazee wa pande zote, shikamoo mmoja mmoja, akaomba maji ya kunywa kwa yule mkulima aliyekuwa akitetemeka kwa hasira, akayanywa yote, akarudisha kata, kisha akafungua boksi lake akatoa bomba la sindano. "Huyu jike ana homa," akasema. "Namchoma sasa hivi. Nishikieni." Wachungaji wakasogea, akawazuia kwa mkono. "Nyinyi amewazoea, atawasumbua. Njoo wewe mwenye shamba." Basi nikamwona mwenye shamba, jembe likiwa chini, ameshika pembe za ng'ombe aliyekula mtama wake, naye mwenye ng'ombe akimwelekeza polepole, "Shika chini ya taya, mwenzangu, usimwumize, ana mimba huyo." Mpaka leo sijui kama ng'ombe yule alikuwa na homa kweli.

Baada ya sindano walikaa wakazungumza mpaka jua likavuka vichwa vyetu, nami nikaambulia nusu tu ya maneno, kwa kuwa nusu nyingine ilisemwa kwa Kigogo. Mwishoni Bwana Mifugo akasimama, akauliza, "Limezikwa?" Mwenye shamba akajibu, "Limezikwa." Mwenye ng'ombe akajibu vilevile, kwa Kiswahili cha kuokoteza lakini kwa sauti kubwa zaidi. Tulipokuwa njiani nikataka kuonyesha akili yangu, nikaanza, "Lakini kwa haki yule mzee ndiye..." Akasimamisha pikipiki. Akanieleza, kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo kilipo, kwamba kwao neno likishazikwa mbele ya watu halitajwi tena, kwa wema wala kwa ubaya, hata kusema tu kwamba liliwahi kuwapo. Anayelitaja ndiye aliyelifukua, na faini yake ni mbuzi. "Hata nikimsimulia mke wangu?" nikauliza. "Hasa mke wako," akasema, akapiga kiki.

Mwaka uliofuata wafadhili waligundua migogoro. Kabla ya hapo walikuwa wamegundua visima, na kabla ya visima, majiko ya kuokoa kuni, kwa hiyo zamu ilikuwa imefika. Vibao vya miradi vikaota kando ya barabara, magari meupe yakaongezeka, na siku moja ukaletwa ofisini kwetu mzigo wa fomu. Zilikuwa fomu za udhamini wa masomo ya majadiliano na usuluhishi: miezi tisa Ulaya, nauli, malazi, posho, na stashahada mwishoni. Nafasi ya mkoa ilikuwa moja. Mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano, na Bwana Mifugo alikuwa na thelathini na minne. Tena wakati huohuo orodha ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa inaandaliwa, na kila mtu alijua kwamba wenye kidato cha nne peke yake ndio wangetangulia. Stashahada ile kwake ilikuwa kazi yake, ada za wanawe na pensheni yake, vyote katika karatasi moja. Nilimpelekea fomu mwenyewe. Akafurahi wazi, akasema, "Katibu, nataka nikaone na wenzetu wanazikaje."

Wiki mbili baadaye aliirudisha, mwandiko safi, picha mbili zimebandikwa, Kiingereza chake cha kamusi kimenyooka kama uzi wa fundi. Nikaipitia mpaka swali la saba, ambalo lilikuwa na ukurasa mzima wa nafasi: eleza kwa kirefu mgogoro mmoja ulioutatua, taja wahusika, chanzo, na ulivyokwisha. Katika ukurasa ule mzima alikuwa ameandika neno moja: Hakuna.

"Hakuna?" nikamwambia. "Bwana Mifugo, mimi mwenyewe nilikuwapo. Andika kile cha Mtera."

"Kipi?"

"Usinitanie. Kile cha sindano."

"Katibu, mimi nakumbuka tulikwenda kukagua josho."

Nikamwambia fomu inakwenda Ulaya, hakuna mtu wa Mtera atakayeisoma. Akavua kofia, akakuna kichwa. "Wakija kusikia," akasema, "nani atazika neno tena mbele yangu? Na wasiposikia wao, mimi mwenyewe si nitakuwa nimesikia?" Akatafuta swali lingine ambalo lingeweza kumsaidia, akalikosa, akauliza kama mbele ya jina lake angeweza kuandika kwamba amewahi kuchanja ng'ombe wengi. Nikamwambia hilo halikuulizwa.

Sasa nifike mahali ambapo kwa miaka yote hii safu hii imepita kwa kunyata. Fomu zilikuwa zimebaki mbili, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Sikuwahi kupatanisha hata kuku. Lakini nilikuwa na kumbukumbu nzuri na ofisi yenye taipureta, na swali la saba nikalijibu kwa kurasa mbili na nusu: fimbo, majembe, maji ya kunywa, sindano, pembe, taya, mimba. Wahusika nikawataja kwa majina na kijiji chao, kama ilivyoagizwa. Aliyeshika bomba la sindano, kwa mujibu wa maelezo yale, nilikuwa mimi. Mama mmoja wa mradi aliyekuja kunihoji alifuta macho kwa leso, akasema hajawahi kusoma jambo lenye busara ya asili kama ile. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kitu ambacho nakiweza sana.

Barua ya kumnyima nafasi ilipita mezani kwangu, na kwa kuwa nilikuwa katibu mwadilifu niliipeleka kwa mkono. Ilisema wanasikitika kumwarifu kwamba mwombaji hakuonyesha uzoefu wowote katika utatuzi wa migogoro. Aliisoma mara mbili. Akauliza nani amepata, nikamwambia. Hakuuliza niliandika nini katika swali la saba, alinitazama kidogo, akanipa mkono, akasema, "Basi ukasome kwa niaba yetu." Mwaka haukuisha, naye akapunguzwa kazi kwa barua nyingine, nzuri zaidi, iliyomshukuru kwa utumishi uliotukuka. Akarudi kwao Zuzu, akalima, akawa anachoma sindano za ng'ombe wa majirani, na kuzika.

Huko Ulaya nilijifunza mengi. Nilijifunza kwamba kumwachia mwenye hasira akupe maji ya kunywa ni kujenga uaminifu, somo la wiki mbili. Kumwita mkulima ashike pembe ni kubuni jukumu la pamoja, wiki tatu, na mtihani. Lakini la kuzika halikuwamo. Huko mgogoro ukitatuliwa huandikwa, huchapwa, huchambuliwa, kisha hutafutiwa awamu ya pili. Nami nimekuja kuelewa kwamba si upuuzi wa bahati mbaya: mgogoro uliokwisha hauna bajeti. Tangu nirudi nimesoma mamia ya fomu za vijana wetu wanaoomba udhamini, maana siku hizi ninakaa katika kamati, na karibu zote zina swali la saba la namna yake. Vijana wanaojua kusimulia wanapita. Wanaojua kunyamaza tunawaandikia kwamba tunasikitika. Hivyo tumepata kizazi kizima cha wasuluhishi hodari wa kusimulia, nami ndiye mwalimu wao, na mkisikia watu wa kisima bado wanashikana mashati msishangae sana.

Mazishini nilikwenda. Wafugaji walikuja kutoka mbali kwa miguu, wakulima wakaja kwa baiskeli, na niliwaona wakipokezana koleo bila mtu kupanga zamu. Baada ya watu kupungua nilimfuata mjane, ambaye tumeitana shemeji tangu zamani, nikampa pole, halafu nikashindwa kuondoka. Nikamwambia nina jambo la kukiri kuhusu ile safari yangu ya masomo. Akanitazama bila mshangao wowote.

"Shemeji, alijua," akasema. "Ulipokuwa huko, wazungu wa mradi walikuja na kamera na kijitabu chenye jina lako na kisa kile. Walikwenda mpaka Mtera kuwatafuta wale wazee wawili. Wakawasimamisha pamoja wapigwe picha, wakawauliza nani alikuwa mkosaji."

Nikauliza ikawaje. "Ikawaje? Fimbo zikarudi. Mwenzio alitembea siku mbili kwenda kulizika upya, ile pikipiki alikuwa ameshanyang'anywa. Wakamwuliza nani alilisema kwa wageni. Akasema ni yeye. Akatoa mbuzi. Tulikuwa na mmoja tu, na alikuwa wa maziwa ya mtoto."

Nilisimama pale nikitafuta hatua mojawapo kati ya saba. Nikasema nitamrudisha, hata wawili, hata kesho. Shemeji akatikisa kichwa. "Mbuzi huyo harudishwi. Ukimrudisha umelitaja. Yeye mwenyewe nilimwuliza mara moja tu, mbona humwambii rafiki yako? Akanijibu limezikwa. Nami leo nimekusimulia kwa sababu ya uchungu, Mungu anisamehe." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimeona aibu nyingi katika kazi hii ya kalamu, nyingine nikalipwa kwa kuziandika, lakini kama hii sijapata kuiona. Nilimnyang'anya mtu kisa chake, nacho kilikuwa na thamani kwa sababu yeye alikataa kukisema. Nafasi ile ya masomo ilitafuta mtu anayejua kuzika, ikampata, halafu ikamkata maksi kwa kujua. Najua pia kwamba kwa kuandika haya, hata bila jina la mtu, hata bila kueleza ng'ombe walikula kiasi gani na nani alikosa, nimelifukua mara ya pili, tena gazetini. Sheria ya kwao iko wazi. Yule mbuzi wa kwanza siruhusiwi kumrudisha, lakini faini ya safu hii ni yangu peke yangu, na hakuna aliyebaki wa kunitolea.

Kwa hiyo Jumamosi nakwenda Zuzu, kisimani. Karatasi kubwa na kalamu za wino nitaziacha ofisini. Nitakwenda na mbuzi jike mwenye maziwa, nitamkabidhi kwa wazee, na wakiniuliza faini hii ni ya neno gani, nitawaambia hakuna.