Nilivyomwonea Wivu Mwenyekiti Wetu

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na miaka yote hii imepita. Ni siku waliyomchagua Zaituni kuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa kushona, hapa hapa Temeke, mie nikiwa nimekaa mbele kabisa na kanga mpya, tayari kusimama nishukuru. Jana umeniambia kazini kwenu wamekupa usimamizi wa watu kumi na wawili. Nikafurahi, halafu nikaogopa. Ndiyo maana nimekuita. Na hiyo simu iweke chini, unisikilize.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Kina mama tulihimizwa tujiunge, tuzalishe, tujitegemee, nasi tukajiunga. Tulikuwa wanawake kumi na tisa na vyerehani vya miguu, tukishona sare za shule: mashati meupe, kaptula za kaki, sketi za bluu. Hapakuwa na mshonaji wa kunizidi pale. Nilifundishwa na fundi wa Kariakoo, tena fundi mkali, na kola yangu ilikuwa inasimama yenyewe. Halafu mie mzaliwa wa hapa, babu yangu kazikwa hapa. Zaituni alikuwa mtu wa kuja, katoka huko Newala na kanga zake mbili zilizopauka, na kushona kwenyewe anakwenda kwa kubahatisha. Mikono iliponyooshwa, ikanyooshwa kwake. Mie nilipata mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wangu.

Wivu mie nimeujua, mwanangu.

Nikaanza kumchunguza nimpate na kasoro. Alijichagulia cherehani kibovu kuliko vyote, kile kinachokata uzi kila saa, akakiweka mlangoni kwenye vumbi na jua. Kizuri akampa Mama Shida, ambaye macho yalikuwa yanamsumbua. Asubuhi anatangulia yeye, anavitia mafuta vyerehani vyote, anafagia. Mwenzetu mmoja, jina lake Sikudhani, alipojifungua akaanza kuja na mtoto, Zaituni akawa anampakata ili mwenzie amalize kupinda sketi zake. Nikasema huyu anajipendekeza. Nikaenda kumsema kwa bwana ushirika, yule ofisa aliyekuwa anatukagua, kwamba mwenyekiti wetu anashusha hadhi ya cheo, amegeuka yaya. Yule bwana akacheka, akaniuliza kama sare zinatoka kwa wakati. Nikarudi kwenye cherehani changu, maana zilikuwa zinatoka.

Halafu likatokea la kola. Mashati yalirudishwa kutoka shuleni, rundo zima, kola zimekwenda upande. Niliyekata ni mie. Siku ile nilikata na hasira zangu, mkono uko kwenye mkasi, akili iko kwa Zaituni. Bwana ushirika akaja na uso umekunjamana, anauliza ni nani. Zaituni akasimama akasema yeye ndiye msimamizi, kwa hiyo kosa ni lake. Akazifumua zote, akakata upya, wala hakunitupia jicho. Unadhani nilimshukuru? Nilimchukia zaidi. Angenitukana mbele za watu, ningepona.

Baadaye mama yake Zaituni akafariki, ikabidi asafiri kwenda kuzika, mwezi mzima. Akaniachia ushirika mie, mie huyu huyu. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na tulishaambiwa wazi kwamba tukichelewesha sare, kazi wanapewa wengine na ushirika wetu ndio basi. Nikasema sasa watauona uongozi.

Wakauona. Kile cherehani kizuri nikakifanya changu. Nikakataza maongezi. Mama Shida akilalamika macho, namwambia aongeze bidii. Siku moja nikakumbuka Zaituni anavyofagia, nami nikashika ufagio, ila nilingoja mpaka nione wanaingia ndipo nikaanza. Wakasema pole na kazi, wakapita, wakakaa. Saa kumi ikigonga, kila mtu anafunika cherehani chake anakwenda zake, kazi imelala mezani. Enzi za Zaituni walikuwa wanabaki mpaka karibu na magharibi, na hakuna aliyewaambia. Wawili wakaacha kuja kabisa.

Zikabaki siku nne shule zifunguliwe. Nikasimama mlangoni nikawazuia, nikawauliza, "Mbona kwa Zaituni mlikuwa mnabaki?"

Sikudhani akamfunga mwanawe mgongoni, taratibu, wala hana haraka. "Dada Mwanahawa," akasema, "huyu mtoto amekulia mbele ya macho yako hapa. Anaitwa nani?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Akanipita ubavuni, na wenzake wakamfuata.

Kesho yake asubuhi Zaituni akarudi, amekonda, bado yumo ndani ya nguo za msiba. Nikajua leo nimekwisha, ataniumbua na wote watafurahi. Aliyatazama yale mashati yaliyorundikana. Akanisalimia, akanipa salamu za kwao, na mie hata pole ya mama yake nikasahau kumpa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, kila mtu anasikia: "Mwezi wako haujaisha, Mwanahawa. Bado wewe ndiye msimamizi. Niambie nikae wapi na nishone nini."

Heri angekichukua kile cheo yaishe. Nikainuka, nikamrudishia Mama Shida cherehani chake, nikamwambia Zaituni akae anapotaka. Akaenda kutia vifungo, kazi ya mtu anayejifunza. Saa kumi ikafika, ikapita, hakuna aliyeinuka. Siku zote tatu ikawa hivyo. Hata wale wawili walioacha walirudi. Sare zilifika shuleni asubuhi ya kufungua, nyingine zina joto la pasi.

Nilimfuata kwake kumwomba radhi. Nikamkuta anachambua mchele, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Mie sijui kushona kama wewe. Kwa hiyo nilikuwa najiuliza tu, hawa wenzangu kinawashinda nini, nikiondoe, wao washone."

Hilo tu, mwanangu. Ndilo nililolihusudu miaka yote ile nikidhani ni dawa ya mganga.

Basi na wewe nenda kwa watu wako ukawaulize kinachowachosha, na unachokiweza kiondoe wewe, usitume mtu. Wakikosea, lawama ipokee wewe kwanza, kuelekezana mtaelekezana ndani. Wajue, wajue na waliowaacha nyumbani. Usiwahudumie ili uonekane, maana watu si wajinga, wanakuona mpaka moyoni. Na ukikuta mwenzio anapendwa kuliko wewe, utaumia, mie siwezi kukudanganya. Umia, halafu mwendee umuulize anafanyaje, usingoje kama nilivyongoja mie.

Maana wivu wenyewe haujaniisha. Zaituni amefariki mwaka juzi. Nilipofika msibani nikakuta watu wamejaa mpaka barabarani, wengine watoto wa wale wenzetu, wanalia kama kafa mama yao. Nimekaa mkekani, mzee mzima, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu maiti.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kauli njema na moyo mpana, na siku usipofika kazini, watu wako waulizane kwa huzuni utarudi lini. Amin.