Betri Juani

Juzi hapa Sofu nilimwona fundi akipandisha sauti ya spika za televisheni ya jirani kwa kubonyeza kitufe kimoja, nikamkumbuka baba.

Mchana mmoja wa utoto wangu kule Soga, spika ya redio yetu ilinong'ona tu. Mama aliitegea sikio apate matangazo ya vifo, maana kaka yake alikuwa amelazwa hospitali.

"Betri zimechoka, mama Rehema," baba alisema, akazitoa, akanituma nizianike juani. Nilizigeuzageuza kama mihogo, vidole vikinuka kutu, nikiamini zitapata nguvu. Sikujua kwamba asubuhi baba alikuwa amelisikia jina la mjomba, akapunguza sauti mwenyewe.

Niliporudi nazo, mama alikuwa ameketi chini.

"Usijisumbue, baba Rehema," alimwambia. "Majirani wameshaleta kuni za msiba."