Mashine Iliyoendelea Kusema kwa Jina la Baba

Baba alipopunguzwa kazini Newala, wakati wa soko huria, wenzake waliokumbwa na panga lile walifungua maduka ya soda au wakawa madalali wa korosho. Yeye akashuka Masasi na kompyuta chakavu za msaada, akapanga chumba karibu na stendi, akaandika mlangoni kwa chokaa kwamba anafundisha. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ila ndani ya nyumba, kwa sababu kwetu mtoto hamcheki baba yake barabarani.

Mjini kila mwenye kompyuta alikuwa na nakala ya wizi ya ule mfumo wa kuendeshea kompyuta unaouzwa kwa pesa, na kila nakala ilikuja na virusi vyake. Baba hakuutaka. Alitumia Linux, mfumo wa bure alioupata kwenye sidii zilizopita mikono mingi kabla ya kufika kusini huku. Alipenda kwamba ni programu huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzake. "Humu hakuna chumba kilichofungwa," alikuwa akituambia, na aliyelalamika kwamba skrini nyeusi inamtisha aliambiwa hata yeye anaitisha skrini, basi wazoeane.

Kwa ajili ya wanafunzi aliandika programu ndogo. Asubuhi kompyuta kuu ikiwashwa, ilichota sentensi moja kwa bahati nasibu kutoka kwenye faili lake na kuitandaza kwenye skrini zote, na chini yake jina lake. Zilikuwa vidokezo vya kazi vilivyochanganywa na utani wake: *Soma ulichoandika kabla ya kunilaumu. Amri ikikataa, kosa liko kwenye vidole. Ngoja kwanza, mashine haikimbii.* Akikumbuka jambo jipya aliongeza.

Alifariki masika, baada ya kulazwa Mkomaindo kwa muda mrefu. Arobaini ilipokwisha, ukoo ukakaa Newala na kumrithisha jina mpwa wake, mtoto wa dada yake, kama inavyotakiwa kwetu. Huyu ni binamu yangu, alikuwa akinivuta nywele tukiwa wadogo. Kuanzia siku ile nikawa namwambia "Shikamoo baba," naye anaitika "Marahaba mwanangu" bila hata kutabasamu. Alirithi jina, akarithi watoto, akarithi na chumba cha kompyuta.

Fundi mmoja aliyepita kutoka Dar es Salaam alishangaa. Alisema mtu akiondoka, akaunti yake inafungwa na mwingine anafunguliwa mpya, hiyo ndiyo kanuni kila mahali. Sisi wazo hilo halikutujia kabisa. Jina halikuwa wazi, lina mwenyewe, basi mrithi alikaa kwenye kiti, akapewa neno la siri, akaingia kama baba. Na sentensi za asubuhi zikaendelea kutoka kama kawaida.

Mama ndiye aliyeziona kwa namna nyingine. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale baba akiwa hai, lakini sasa alianza kuja alfajiri kutoka Lisekese, kabla ya wanafunzi, ajifunike khanga, akae kwenye benchi mbele ya skrini. Funguo nilikuwa nazo mimi; nikiwasha, anasoma polepole kwa kidole. Siku moja alikuwa na wasiwasi kama akate mikorosho ya zamani ya shamba letu la Lulindi iliyoacha kuzaa. Skrini ikasema: *Ngoja kwanza, mashine haikimbii.* Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na mikorosho haikukatwa. Kuanzia hapo akawa anakuja na maswali. Aliyanong'ona chini kwa Chimakonde, kisha ananiambia, "Haya, washa."

Nilijua ni bahati nasibu. Nilikuwa nimeisoma programu ile mstari kwa mstari. Lakini asubuhi nyingine jibu lilitua sawasawa mpaka nikaacha kugeuka nyuma, nikihisi kuna mtu. Niliogopa, nasema wazi, na sikupenda kubaki peke yangu mle ndani hata jua likiwa kali.

Habari zikapanda Newala. Wajomba wakashuka. Walisema marehemu hawezi kupumzika ikiwa jina lake linasemwa na wawili, mmoja kaburini na mmoja kitini. Ile mashine izimwe. Mama akasema wakiizima wamemzika mara ya pili, na safari hii yeye hatawapikia wafiwa. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilijua mstari wa kufuta.

Nilisema mwenye jina aamue. Binamu yangu alijikuna kidevu. "Sifuti," akasema. "Ila kama jina ni langu, na mimi niseme."

Basi akatengeneza faili la pili, lake, na programu ikawa inachota kutoka kote kuwili. Niliona ni busara. Huko kwenye Linux ndivyo wanavyofanya, mtunzaji wa programu akiondoka mwingine anaishika na kuendelea kuongeza, na programu inabaki na jina lilelile. Wajomba wakaridhika, au walichoka. Mama aliendelea kuja, lakini sasa alisoma kwa jicho kali. "Huyu ni yeye," angesema. Au, "Huyu ni kijana, anajikaza." Hakukosea hata mara moja. Nilikagua.

Halafu ikaja asubuhi moja ya kipupwe. Nikawasha. Skrini ikaandika: *Wewe unayekaa hapo kila asubuhi, nenda nyumbani ukapumzike.*

Mama alisoma mara mbili. Akasimama.

"Huyu si yeye," akasema. "Mume wangu hajawahi kunifukuza. Mwambie huyo kijana kama amenichoka aniambie usoni."

Akafunga khanga kiunoni, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata, wala baadaye. Binamu yangu aliapa kwa mama yake mzazi kwamba hakuandika. Nikafungua faili lake, sentensi haikuwamo. Ilikuwa kwenye faili la baba, ya mwisho kabisa.

Nilimfuata Lisekese. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa ya baba, nina hakika.

"Mwanangu," akasema, "sauti ya mume wangu naijua." Akaendelea kupepeta.

Nikarudi stendi bila kumwambia lililobaki. Sentensi ile alinitamkia baba wodini Mkomaindo, kwa sauti ndogo sana, nikaiandika nyuma ya bahasha ya dawa na kesho yake nikaiingiza kama alivyoagiza. Nilidhani anawasema wanafunzi. Alikuwa anatazama chini, kwenye mkeka kando ya kitanda, mahali alipokuwa amelala mama akimuuguza.