Watu Niliowaacha Nje ya Picha

Nianze na ukweli, maana kuuficha kumeshanichosha: nilimwonea wivu marehemu alipokuwa hai, na siku ya maziko yake nilimwonea wivu zaidi. Kumwonea wivu mtu aliyelala kwenye jeneza, jamani. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa wapiga picha wawili, studio zetu zikitazamana pale Maili Moja, barabara ya Morogoro katikati. Mimi ndiye niliyetangulia kufungua. Kamera yangu ilikuwa nzuri kuliko yake, taa zangu nzuri kuliko zake, na nilikuwa na mapazia matatu ya nyuma, moja lina maporomoko ya maji. Yeye alikuwa na ukuta mweupe na benchi. Lakini wateja wengine walitoka Kisarawe huko na mtoto mgongoni, wakapita studio chungu nzima njiani, wanamtaka yeye tu.

Alikuwa na mtindo wake. Alimwambia mtu afumbe macho, amfikirie yule ambaye angefurahi kuiona hiyo picha, kisha afumbue. Hapo ndipo alipobonyeza. Na mimi nilijaribu, kimyakimya. Mteja wangu wa kwanza alifumbua macho akaniuliza kama yule wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyenifundisha. Sikujaribu tena.

Kilichonikata maini hasa ni kipaimara cha binti yetu. Mke wangu alimpeleka kwa yule bwana mchana kweupe, mimi nipo studio nabadilisha betri. Nilipofoka, alinijibu taratibu kwamba watu ninaowapiga mimi wanaonekana kama wamekuja kujaza fomu. Picha ile iko sebuleni kwetu mpaka leo. Ni nzuri, na sijawahi kumwambia mtu kwamba ni nzuri.

Alipofariki, mjane wake alikuja kwangu akaniambia, "Shemeji, tunaomba utupigie picha za maziko." Mama mzazi wa marehemu alikuwa amepooza, hatoki kitandani kwao Pangani, na safari ya Kibuta, alikozikwa mwanawe, asingeiweza. Walitaka aone jinsi alivyosindikizwa. Nikakubali haraka. Moyoni nilisema, hatimaye wamenikumbuka.

Kibuta kulifurika. Watu walijaa uani, wakalizunguka kaburi, wakaenda mpaka kwenye shamba la mihogo la jirani. Wazee wa kanzu na kofia walikaa benchi moja na wanakwaya. Msemaji wa familia akatangaza kwamba, kwa heshima ya marehemu, simu zote zibaki mifukoni. Picha atapiga mtu mmoja tu, fundi mwenzake. Wakanigeukia wote, na sura zao nilizijua. Yule wa harusi, yule wa mahafali, yule wa picha za pasipoti. Hata pasipoti walimpelekea! Na sasa wanamlilia. Nikajiuliza, mimi nikifa watakuja wangapi?

Roho ya korosho ikanipanda. Nikavuta lenzi karibu. Jeneza na mchungaji. Mjane na dada zake wawili. Mikono inatupa udongo. Umati ulipoingia kwenye picha, nilisogea mpaka utoke. Sikupiga hata moja ya mbali. Zilikuwa picha safi, labda kazi bora niliyowahi kufanya, na zilionyesha msiba wa watu kama kumi na tano.

Wiki iliyofuata nilipeleka albamu Pangani. Nilimwamkia yule mama, akaitikia marahaba, akaomba nimwegemeze kwenye mto. Alifunua kwa mkono wake mmoja mzima. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo. Mjane alikuwa jikoni anachemsha chai.

"Walikuja hawa tu?" akaniuliza.

Akafunga albamu, akaongea kama anayejisemea mwenyewe. "Alikuwa ananiambia watu wanampenda. Kumbe alikuwa ananibembeleza tu."

Uongo wangu nilikuja nao tayari: kamera ilizingua, jua lilikuwa kali. Ulimi ukagoma. Nikamwambia, "Mama, walijaa mpaka kwenye mihogo ya watu. Mimi ndiye niliyewaacha nje. Nilimwonea wivu mwanao."

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na heri ningeiona. Akaisogeza albamu pembeni.

"Basi kaa," akasema. "Nitajie mmoja mmoja."

Nikakaa. Nikaanza na muuza vitumbua wa stendi, nikaja kwa mwalimu mkuu mstaafu, na mapacha wa fundi baiskeli, na bibi harusi aliyewahi kuahirisha harusi kwa sababu mpiga picha wake ana homa. Kila niliyemtaja, aliniuliza alikaa wapi, alivaa nini, alilia au hakulia, nami nilijua. Chai ikapoa. Mjane akaja akasimama mlangoni, akasikiliza. Nilitaja mpaka adhana ya alasiri, na sikumsahau hata mmoja. Wivu ulikuwa umenikaririsha sura zao miaka yote ile. Nilipomaliza, akaniuliza kama na mimi nililia.

Nikamwambia, siku ile hapana.