Joho la ubatizo nimelivua mimi, wakampelekea baba mkwe alivae

Wakuu, salamu kwenu nyote. Leo sijaja kutania mtu.

Hili jambo nimelinyamazia mpaka nimeona litanipa vidonda vya tumbo. Nalisimulia lilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi. Mwenye povu alitoe, mimi la kwangu naanza nalo.

Mimi ni mwanamke, nimeolewa Ikolo, Kyela. Tunalima mpunga na kokoa kidogo. Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha, siyo yale ya kunyunyiziwa maji kwenye paji la uso. Unazamishwa mwili mzima, unatoka umelowa mpaka kwenye kope.

Na kwa sababu mito ya huku ina mamba, tunapelekwa ziwani, Matema.

Sasa kabla sijaendelea, kwa wale wasiotoka kwetu, someni hapa taratibu maana ndiyo uzi wenyewe.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa na baba mkwe wake hawakutani. Hawajagombana, ni heshima. Nikimwona anakuja njiani, napinda kwenye migomba mpaka apite. Hatukai chumba kimoja. Nguo yake sigusi, na yangu yeye hagusi. Jina lake silitaji, na hata humu ambamo hakuna anayenijua sitalitaja.

Najua wapo walioacha. Waacheni na kuacha kwao. Sisi hatujaacha.

Na msidhani mzee ananichukia. Nilipojifungua kwa upasuaji, nikawa siwezi hata kuinama, kila asubuhi mama mkwe alikuwa anakuja na mbasa mbichi, wale samaki wa ziwani. Nikadhani ananunua yeye. Kumbe mzee ndiye alikuwa anakwenda ziwani alfajiri, anampa mkewe, halafu anakaa nje nyuma ya nyumba mpaka asikie nimekula.

Hajawahi kunitazama usoni. Baba yangu mzazi hakunifanyia hivyo, Mungu amrehemu.

Basi. Huyu mzee miaka yote alikataa ubatizo. Mama mkwe kamwombea, kafunga, kalia. Mzee anajibu tu kwamba yeye na Mungu wanasalimiana. Mwaka huu mama mkwe kaugua kifua, kaugua vibaya, na akiwa kitandani akamwambia mumewe kitu kimoja tu anachotaka kabla hajafa ni kumwona anaingia majini.

Mzee akakubali. Mama akapona. Mnaelewa uzito wa siku hiyo? Nyumba nzima tulikuwa tunaisubiri, na yule mama ndiye alikuwa anaisubiri kuliko wote.

Na mimi jina langu lilikuwa humo humo, kundi lile lile la kubatizwa.

Hapo ndipo anapoingia Mama Lusajo. Huyu ndiye mkuu wa mavazi ya ubatizo kanisani. Ana ufunguo wa sanduku la majoho na anautembeza shingoni.

Nikamfuata mapema. Nikamwambia mama, mimi nimeshonesha gauni langu, kitambaa kizito, bluu ya giza, linafika kwenye kifundo cha mguu, mikono mirefu. Ndani nitavaa taiti na fulana. Naomba nibatizwe nalo.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Ubatizo ni mweupe. Utavaa la kanisa kama wenzio."

Nikamwambia lile jeupe ni satini nyepesi, likilowa linaonyesha kila kitu. Akasema shetani ndiye anayenifanya niwaze mwili.

Hivi wakuu, mwenye kuwaza mwili ni nani? Ni mimi ninayetaka kuufunika au ni yeye aliyechagua kitambaa cha kuuanika?

Nikameza. Nikamwambia, basi, kuna jambo la pili. Majoho hayatoshi, wanawake wanatangulia, wakitoka wanavua, wanaume wanavaa yale yale mabichi. Mimi ni mrefu, na baba mkwe ni mrefu. Joho refu liko moja tu kwenye lile sanduku. Mama, unajua itakuwaje.

Akacheka. Anasema hizo mila ni giza, tumeshatoka huko.

Jamani! Huyu mama ni mzaliwa wa Busale, Mnyakyusa wa kunyooka, ameolewa na ana baba mkwe yuko hai! Mimi kwa macho yangu nimemwona akichuchumaa nyuma ya kichanja cha kuanikia kokoa, kajifunika khanga kichwani, mkwewe anapita. Giza la kwangu analiona, la kwake kumbe lina taa.

Nilitaka kwenda kwa mchungaji. Mume wangu akanizuia, akasema tusianze vita wiki ya ubatizo, atazungumza nao polepole. Polepole yake naijua. Hakuzungumza na mtu.

Siku ikafika. Tukapakiwa kwenye Fuso, nyimbo kutoka Ikolo mpaka Matema. Ziwa lilikuwa limetulia, maji unaona mpaka chini. Ilikuwa siku ya soko pale Lyulilo, jirani hapo hapo ufukweni, akina mama wauza vyungu wakasogea kutuangalia.

Mimi nilikaa mbele kwa dereva; baba mkwe alishuka kwa kule nyuma, akaenda kusimama mbali, pamoja na wanaume wenzake, karibu na mitumbwi. Wanawake tulipoanza kuingia majini, mzee akageuka akatazama milimani. Hakuambiwa na mtu. Aligeuka mwenyewe na akabaki vile vile muda wote.

Mimi ndani ya lile joho, acheni tu. Maji yalipofika magotini likaanza kuelea, linapanda juu kama mwavuli. Nalishika mbele, linapanda nyuma. Mchungaji anauliza kama ninaamini, mimi nashindana na nguo. Nilitakiwa nimfikirie Yesu, na niliyekuwa namfikiria ni yule fundi aliyelishona.

Nikazamishwa. Kutoka, satini imenikamata kama ngozi ya kitunguu. Dada mmoja, abarikiwe popote alipo, akakimbia na khanga mbili mpaka ndani ya maji akanizungushia. Nililia, na watu wakadhani ni Roho.

Nikavuliwa nyuma ya zile khanga. Nikauliza, hili linakwenda kwa nani? Mama Lusajo akalitaja jina la mzee, kubwa kabisa, mbele yangu.

Wakuu, nililikalia. Ndiyo, nililitandika mchangani nikalikalia. Nimetoka kubatizwa sekunde hiyo na nikakataa kuinuka. Nikawaambia atavaa nguo zake mwenyewe au atavaa gauni langu jipya ambalo sijalivaa, lakini hili halivai. Wakanivuta. Mama Lusajo akalichomoa likachanika kwapani, akaondoka nalo linachuruzika mkononi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mume wangu aliyekuwa kule kwa wanaume.

Mzee alikuwa ameshavua kofia na viatu. Mama mkwe amesimama pembeni na taulo jipya, alilinunua kwa ajili ya siku hiyo. Mama Lusajo akamnyooshea mzee lile joho. Mzee akauliza, "Hili limetoka kwa nani?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui. Yule mama akacheka, akasema, "La mke wa mwanao, baba. Vaa tu, ninyi sasa ni kitu kimoja katika Bwana."

Mzee hakufoka. Alilipokea kwa kijiti, akaliweka juu ya mtumbwi, akavaa viatu, akavaa kofia. Akamwambia mkewe, "Mama, nisamehe." Akaondoka kwa miguu kuelekea Lyulilo.

Mama mkwe akabaki na taulo lake.



Na mnadhani iliishia hapo? Thubutu! Jumapili ikatangazwa kwamba mzee "amerudi nyuma", na kuna dada aliyefanya fujo ufukweni akamzuia mtu asiokoke. Kanisa zima likanigeukia. Mama Lusajo amekaa mstari wa mbele, ufunguo shingoni, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasonya. Ndiyo, nilisonya kanisani, na mstari mzima ukasikia.

Sasa mchungaji. Huyu baba kaja kwetu kutoka Singida, hajakaa sana. Baada ya ibada nikamfuata, safari hii sikumuuliza mume wangu. Nikamweleza yote, kuanzia kwenye migomba mpaka kwenye kijiti.

Akashika kichwa. "Mbona hakuna aliyeniambia? Mimi niliambiwa mzee ameona aibu ya maji."

Nikamwambia mchungaji, mzee hana aibu ya maji. Anataka kumfuata Yesu bila kuvaa nguo ya mke wa mwanawe. Ni dhambi hiyo?

Kesho yake akaenda kwa mzee peke yake, akakaa naye sana. Akamuuliza, baba, ukija ungependa kuvaa nini? Mzee akajibu kwamba ana suti aliyofungia ndoa, nyeusi, ya sufu. Kamati ya mavazi ikaja juu, kwamba lazima nyeupe. Mchungaji akawaambia wamwonyeshe kwenye Biblia rangi ya nguo aliyovaa yule towashi wa Kushi aliyebatizwa njiani. Wakaipitisha suti.

Wakaenda naye tena ziwani siku ya kazi, watu wachache. Na mimi nikaenda, lakini nilibaki Lyulilo kwenye vyungu, hatua chache kutoka walipo, nimewapa mgongo. Sikuona kitu. Nilisikia mchungaji akiuliza na mzee akiitika. Nikasikia maji. Halafu kicheko, maana, nilivyosimuliwa baadaye, lile koti la sufu lilikunywa ziwa, likawa zito, ikabidi wanaume waingie kusaidia kumwinua.

Halafu nikasikia kigelegele cha mama mkwe, na kile kifua chake kibovu. Alipiga mpaka akakohoa, akapiga tena.

Muuza vyungu akaniuliza, dada, mbona unalia na huangalii? Nikamwambia aniache.

Ninachowaambia wenye zamu ya kubatizwa: nendeni na nguo zenu. Kitambaa kizito, rangi ya giza, taiti na fulana ndani, na chini kwenye pindo shona mawe madogo au funga mpira magotini, nguo isielee. Khanga ya kujifunika ukitoka, na mtu wa kuishika. Na ninyi mnaoshika funguo za masanduku, ulizeni watu kwanza. Mtu akikwambia hawezi kuvaa nguo fulani, msikilize kabla hujamkemea pepo.

Mama Lusajo hajaniomba radhi. Hajamwomba mzee wala yule mama. Sijamsamehe bado, naomba tu, siku nitakayoweza nitakuja kuwaambia.

EDIT: Mnaoniuliza PM kama mzee aliwahi kusema lolote. Jioni ya siku aliyobatizwa mzee, mama mkwe alikuja kwangu, akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mwenzangu ameambiwa kwamba ulilikalia lile joho. Amenituma nikwambie ndaga." Asante, kwa Kinyakyusa. Basi.

Nilipomsindikiza mama mpaka kwao, koti lilikuwa kwenye kamba, bado linadondosha maji. Nikapita kwa mbali, kwenye migomba, nisiliguse.

Haya, ninyi mlivaa nini? Na kama kuna mtu wa kamati ya mavazi humu, ajitokeze, leo nina muda.