Mtani Aliyeshika Chaki

Sikumpenda binamu yangu, na sitaanza leo eti kwa sababu amezeeka. Ni mtoto wa mjomba wangu wa Mpapura. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako: atakuita mke wake, atakutukana mbele za watu, atakunyang'anya kitu mkononi, na ukinuna wewe ndiye huna adabu. Sawa. Mambo hayo yana raha yake harusini. Darasani ni balaa.

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu niliangushwa na takwimu. Nikapewa mtihani wa marudio, na nikianguka tena basi, jina linafutwa, narudi Mtwara moja kwa moja kulima mihogo na kusikiliza watu wakiniambia walijua tu. Tulikuwa watatu wenye msiba huo kutoka kwetu: mimi, kijana mmoja wa Kitaya na mwingine wa Mikindani. Likizo ndefu tukaazima darasa la shule ya msingi pale Rahaleo, tusomeshane. Binamu alikuwa mbele yetu mwaka mmoja, somo alishalifaulu, akajitolea kutuongoza. Nani angekataa?

Akatugawia mada kama shamba la kijiji. Kila mtu alime kipande chake, kisha tuvune wote. Mada ngumu kuliko zote, ya uwezekano, akajitwalia mwenyewe, na swali lake halikosekani kwenye mtihani. Sisi tukalima. Yeye akahutubia. "Ndugu zangu, elimu si mali ya mtu mmoja." Ndugu zangu, ndugu zangu, mpaka adhuhuri inatukuta bado tuko kwenye ndugu zangu.

Siku akigusa huo uwezekano anaandika hatua ya kwanza, ya pili, halafu jibu.

"Hapo katikati umepitaje?" nikamuuliza.

"Jamani, mke wangu leo kaamka na gubu. Nani kamnyima chai?"

Wakacheka.

"Nakuuliza hesabu, sikuulizi chai!"

"Mnaona nilivyooa?"

Yule wa Mikindani alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mtihani anao ule ule, mjinga yule! Nikapandisha sauti, nikapiga dawati, nikamwambia binamu kwamba ananiponza. Kadiri nilivyofoka ndivyo walivyofurahi. Nilimchukia siku ile, na hakuna aliyeamini. Nikaenda kumlilia mama, naye akacheka. "Si binamu yako huyo? Mrudishie."

Haya. Kesho yake, amefika hatua ya pili, nikamnyang'anya chaki. Mtani akichukua chako huruhusiwi kukidai, kwa hiyo alibaki mkono mtupu, anachekacheka. "Kaa huko, mume wangu, umechoka," nikamwambia. Akakaa. Nikawageukia wale wawili: hapa hakuna anayejua, tuanze upya.

Tukachora vikapu viwili vya korosho, kimoja kina mbovu nyingi, kingine chache. Umefumba macho, umechagua kikapu, umetoa korosho, ni mbovu. Imetoka kikapu kipi? Tulikuwa tukifuata alivyoandika binamu, kwamba ni nusu kwa nusu. Tukazozana asubuhi nzima. Kijana wa Kitaya ndiye aliyegonga ubao. "Nusu kwa nusu ilikuwa kabla hujaiona mbovu. Ukishaiona, kikapu chenye mbovu nyingi ndicho cha kushukiwa zaidi." Kumbe! Nikamgeukia binamu, nikamuuliza kwa heshima zote kama ndivyo. Alikuwa anatazama dirishani. Akasema mwaka wake swali hilo aliliruka.

Aliliruka! Yeye alikuwa na mada nyingine za kumbeba, sisi tulioanguka hatukuwa nazo. Likizo inakaribia kwisha, mtu amekalia kipande asichoweza kukilima, na kila nilipouliza alinifunga mdomo kwa utani. Tulimalizia wenyewe, watatu, tukaenda, tukafanya mtihani, tukafaulu.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mama akachinja jogoo. Majirani wakajaa uani, mjomba akaja, na binamu katikati yao anaeleza jinsi alivyonifundisha uwezekano, hatua kwa hatua, kwa vikapu vya korosho. Vikapu vyetu! Mama akamshukuru mbele za watu, machozi yanamlengalenga, akanipa sahani nimpelekee mwalimu wangu. Juu ya wali ameweka firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu ila mwanamume wa kuheshimiwa. Nikasimama mbele ya binamu, nikaichukua, nikaitia mdomoni.

"We mtoto!" mama akapiga kelele. "Ya mwalimu wako hiyo!"

Nikawaambia, mdomo umejaa, kwamba huyu hakunifundisha kitu, na swali lile halijui hadi leo. Watu walicheka mpaka binamu akapaliwa.

"Hawa tuwaozeshe tu," alisema mjomba, anajifuta macho.

Nikaendelea kutafuna.