Kuku wa Mama Esperance na sanduku la tundu kubwa

Pale Mushaki, milimani kwetu Kongo, ukiuliza Jeremie mwenye gari ya bluu, watu watafikiri kidogo, lakini ukiuliza Jeremie wa Kuku, ndiye mimi, hata mtoto anayechunga ndama atakuonyesha nyumba ya wakwe zangu, na kwa kuwa nimechoka kusikia watu wakiieleza habari hii vibaya (kuna mmoja huko Sake anasema kuku walikuwa watatu na kwamba nilikimbia, sikukimbia, na kuku alikuwa mmoja), acheni niwaeleze mwenyewe, mucheke mara moja tumalize.

Nilikuwa nimenunua bafle, yaani spika ya gari, kubwa ya besi, duara lake upana wa sahani ya bugali ya familia nzima, na bafle ya namna hiyo haiimbi bila sanduku, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi seremala Sake, naye akaniuliza swali moja tu.

"Unataka sanduku ya kufunga ao ya tundu?"

Akanieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Sanduku la kufunga ni dogo, hewa inabaki ndani, besi inatoka fupi na safi, na nyuma ya gari inabaki nafasi ya mizigo. La tundu ni kubwa, hewa inatoka kwa mdomo wa mbele, besi inafika mpaka kilima cha pili, lakini linakula nyuma yote ya gari. Nikampigia simu Esperance, binti niliyetaka kumwoa, kwa sababu wiki ile njo tulikuwa tunakwenda kwao kujitambulisha, na yeye hakufikiri hata kidogo.

"Chukua ya kufunga. Papa hapendake makelele. Na siku ya kuya kwetu utaweka wapi mizigo?"

Hoja mbili, zote za kweli. Mimi nikachukua la tundu. (Kuna dereva mmoja wa Masisi ambaye akipita na muziki wake watu wanatoka nyumbani kumwangalia, na mimi nilitaka watu watoke. Walitoka, mutasikia.) Tena sikuishia hapo, nikaona tundu lenyewe dogo, nikamwambia fundi aliongeze.

"Ikizidi, sauti itaharibika," akasema.

"Ongeza tu, fundi."

Akaongeza. Likawa ni pengo refu chini mbele ya sanduku, linaingia ndani halafu linakata kona kwa nyuma, na fundi akaliangalia akasema hapa hata paka anaweza kupita, nami nikacheka kwa furaha nikidhani ananisifu.

Jumapili baada ya misa tukapanda Mushaki, mimi na Papa mudogo Faustin, mdogo wake baba yangu, ambaye alikuwa wa kunisemea. Kwa kuwa nyuma hapakuwa na nafasi, Papa mudogo alisafiri na kreti za vinywaji mapajani, kona kwa kona, shimo kwa shimo, na tulipofika alihitaji muda kabla ya kusimama wima. Muziki niliuzima kabla ya kona ya mwisho, mimi si mjinga kabisa, lakini vijana wa jirani walikuwa wameshasikia, wakaja kuomba kuona, nikawafungulia mlango wa nyuma, ule unaoinuka juu, na nikauacha wazi ili uzuri uonekane. Tukaingia ndani.

Baba yake Esperance ni mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe hapayuki. Tulipewa maziwa, tukanywa, naye akamaliza yake, ndipo akamgeukia Papa mudogo.

"Tulisikia kijana yenu anapendaka makelele."

"Ni kijana mutulivu, Papa," akasema Papa mudogo, huku akijisugua magoti. "Makelele ni ya gari."

Hapo Mama Esperance akaingia, uso umebadilika. Kuku wake mwekundu, yule wa kutaga, haonekani. Amemwita nyuma ya nyumba, amemwita kwa jirani, hayuko.

"Tangu asubuyi ilikuwa inatafuta fasi ya kutagia," akasema. "Bageni banaingia tu, siyioni tena."

Watu wote wakatugeukia sisi wageni. Na mimi, jamani, badala ya kutulia, nikaona nafasi ya kujionyesha mtu wa maadili. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Mama, usihangaike. Siku za mwizi ni arobaini. Muntu mwenye anaiba kuku ya mama muzima hana haya, na atajulikana tu."

Baba yake Esperance akatikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza tangu tuingie. Utamu wa kichwa kile ulinipanda, nikasimama, nikasema nitasaidia mimi mwenyewe kutafuta, nikatoka na suti yangu kuchungulia nyuma ya jiko na chini ya kuni, naita "kuru kuru kuru" kwa sauti ya mkwe mwema. Wakati huo Papa mudogo aliona mawingu yanakuja, akaenda kuufunga mlango wa nyuma wa gari. Simlaumu. Alifikiria mvua.

Kuku hakupatikana. Baba yake Esperance akasema jibu la posa yetu tutapewa nje, wakitusindikiza, na tulipofika kwenye gari jirani wote walikuwa pale, vijana wakinibembeleza.

"Kaka, utuachie hata wimbo moja tu."

Nikamwangalia mzee. Alikuwa anaangalia mawingu, nami nikachukua hilo kuwa ruhusa. Nikawasha. Besi ilianza kwenda vizuri, halafu ikakwama, ikakoroma, halafu ikapanda sauti ambayo haiko katika muziki wowote ninaoujua, na kwenye kioo cha nyuma tukaona manyoya yanaruka. Nikazima haraka. Kuku akaendelea peke yake.

"Ile ni kuku yangu," akasema Mama Esperance, taratibu, na ningependelea angepiga kelele.

"Alisema atajulikana," akasema shangazi yake Esperance, aliyekuwa ndani wakati natoa hotuba yangu.

Nikasema imeingia yenyewe. Sema wewe sentensi hiyo mbele ya watu wa mtaa mzima, na kuku analia ndani ya gari yako iliyofungwa, uone nani atakuamini. Esperance alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, sikujua analia au anacheka, na hapo njo niliumia kweli, kwa sababu nilimpenda, na niliona nampoteza kwa ajili ya kuku.

Nikaingiza mkono tunduni mpaka begani. Kuku akarudi nyuma ya kona na kunidonoa. Tukamwonyesha mahindi, hakuyataka. Tukajaribu kufungua skrubu za bafle kwa kisu, ncha ikavunjika. Baba yake Esperance akaingia nyumbani, akarudi na shoka la kuni, akasimama mbele yangu.

"Tukivunja, ni kitu yako itaharibika. Tukiacha, utaenda na kitu yetu. Chagua."

Esperance akakishusha kitenge kutoka machoni. Nilikuwa nimelipenda sanduku lile, siwafichi, nilikuwa nalifuta vumbi kwa shati langu. Nikachukua shoka. Nikaliteremsha sanduku chini, nikapiga pembe ya mbali na sauti ya kuku, polepole, mpaka mbao zikaachana, na kuku akatoka, akajikung'uta, akapita katikati yetu kama mtu aliyechelewa safari. Ndani, juu ya pamba ambayo fundi aliweka kunyoosha sauti, kulikuwa na yai.

Mama Esperance akalichukua, akaliweka shavuni.

"Iko ya moto," akasema, na watu wakaelewa kwamba kuku aliingia mwenyewe kutaga, na kicheko kilichotoka pale kilifika kilima cha pili bila bafle. Papa mudogo alicheka mpaka akakaa juu ya kreti.

Baba yake Esperance hakucheka. Alinipokonya shoka, akamwambia Papa mudogo:

"Makelele kijana iko nayo, lakini inavunjikaka. Mukuye na ng'ombe."

Yaani tuje tena, na mahari. Njo hivyo nilivyopata mke. Sanduku lilibaki kule, Mama mkwe akalipiga misumari, na kuku wake wote wanatagia ndani, na kila nikienda ananikaangia yai la humo, halafu nyumba nzima inaniangalia nikila. Kwenye gari sasa kuna sanduku la kufunga, dogo, alilichagua Esperance, na nimeapa mbele yake kwamba tundu sitalitoboa tena hata kwenye mkanda wa suruali. Lakini kila nikisimamisha gari pale uani, baba mkwe anatoka polepole na fimbo yake, anazunguka nyuma ya gari, anaugusa mlango.

"Mukwe, umefunga?"

"Nimefunga, Papa."

Halafu anaenda kuhesabu kuku.